Kila Mtoto Alitaka Kuwa Baharia

 

Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alikuwa baharia. Jambo hili tunalijua sote. Tumelisoma skuli, tumelisikia katika hotuba za kila Aprili. Lakini huwa tunalipita mbio, tunataka tufike kwenye chama cha 1957 na Mapinduzi ya 1964. Leo naomba tusilipite. Tukae nalo kidogo, kwa sababu naamini ndani yake limo jambo linalowahusu watoto wetu wa hivi leo.

Mzee Karume alizaliwa 1905, na utoto wake ni wa Mwera, huko Pongwe. Wenyeji wa Unguja mnaijua Mwera. Kuna mto, kuna mabonde ya mpunga, kuna minazi na mikarafuu. Bahari huioni. Mtoto wa huko, enzi hizo, njia yake ilikuwa inajulikana tangu alipoanza kutembea: alime, aangue nazi, msimu wa karafuu ukifika achume na aanike. Hakuna mtu aliyepanga kwamba mtoto wa Mwera aje kuzijua bandari za dunia. Na bado, mwanzoni mwa miaka ya 1920, angali barobaro, aliingia mjini, na kutoka mjini akaingia melini. Ujana wake wote akaupitisha katika meli za mizigo, bandari moja hadi nyingine, mpaka London. Aliporudi kukaa, mwishoni mwa miaka ya 1930, hakurudi shamba. Alikamata kazi ya motaboti pale bandarini, yeye na wenzake wakaunda umoja wao. Wakati huo meli kubwa zilikuwa zikitia nanga nje, na abiria wakipakuliwa kwa vyombo vidogo kuletwa pwani. Kazi hiyo ya kumchukua mtu kutoka melini, kumfikisha nchi kavu yeye na mizigo yake, kupatana bei, kugawana mapato bila ya kugombana, ndiyo iliyokuwa skuli yake ya uongozi. Huo ndio mtazamo wangu, na anayeona vyengine nitamsikiliza, lakini sidhani kuwa chama cha siasa ndicho kilichomfundisha kwanza kukaa na watu.

Sasa swali. Nani alimtia hamu hiyo mtoto wa bonde la Mwera? Hapakuwa na chuo cha ubaharia Unguja. Hapakuwa na mtu wa serikali anayezunguka vijijini kutafuta vijana wa kwenda baharini. Jawabu ni kwamba mji wenyewe ulikuwa ukiifanya kazi hiyo, kila siku, bila ya malipo, kwa sababu bandari ilikuwa wazi na mtoto aliweza kuisogelea.

Hebu tuurudishe mji ule machoni. Leo ukisimama Darajani, unaona madaladala, maduka, na soko lililofunguliwa 1904. Zamani hapo palipita maji. Hori la bahari liliingia kutokea Funguni, likapita nyuma ya mji, likaenda hadi Mnazi Mmoja, na maji yakijaa Mji Mkongwe ulikaribia kuwa kisiwa peke yake, Ng'ambo ikabaki upande wa pili wa daraja. Lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na barabara tunayoiita Benjamin Mkapa inafuata njia ya maji yale. Kwa hiyo mtoto wa mji alikuwa na maji mbele na maji nyuma. Mbele bandari, na meli, na wakubwa. Nyuma hori, maji ya kina kifupi, na hapo ndipo palipokuwa pake.

Mchezo wa watoto wa pwani yetu ulikuwa kuunda vyombo, na nitausimulia kwa urefu kwa sababu nina wasiwasi kuna wasikilizaji vijana hawajauona. Unaokota karara la mnazi lililokauka, lile ganda refu linalofunika shada la maua. Umbo lake tayari ni la chombo, omo na tezi zimeshachongwa na Mwenyezi Mungu. Unatoboa katikati, unasimamisha mlingoti wa kijiti. Foromali ni chelewa. Tanga ni kipande cha kanga kuukuu, au karatasi ngumu ya dukani. Halafu ndiyo unafika kwenye kazi yenyewe: farumi. Ukitia mchanga kidogo, upepo unakipindua chombo mara tu kinapotoka mkononi. Ukitia mwingi, kinakwenda kinazama. Ukiutia wote mbele, kinachimba maji. Mtoto anajaribu, anapunguza, anaongeza kijiwe, anakisogeza nyuma, na wenzake wamemsimamia kichwani wakimcheka. Anayetaka chombo chake kisiyumbe anakifungia matengo na ndubi, kikawa ngalawa. Kisha wanasubiri maji yajae na kuvirusha vyombo vyao pamoja, wakikimbia ukingoni kuvifuata.

Mtoto aliyecheza mchezo huo misimu mitatu minne alikuwa anajua mambo ambayo mimi naona ni elimu kamili. Anaijua kaskazi na kusi kwa ngozi yake. Anajua bamvua na maji mafu, na anajua saa ya maji kujaa bila ya kuuliza. Anajua chombo kinakwendaje joshi na kinakwendaje demani. Hakuna aliyemkalisha akamfundisha.

Na ilipoingia kaskazi, karibu na Disemba, mchezo ulisimama, maana vyombo vya kweli vilikuwa vinakuja. Majahazi ya Oman na Ghuba, ya Hadhramaut, ya Benadir, ya Kachi huko Hindi. Malindi na Mizingani, hapa mjini, kulikuwa msitu wa milingoti. Watoto waliweza kukijua chombo kikiwa bado mbali: bumu limechongoka mbele na nyuma, sambuku lina tezi bapa, baghala lina tezi pana lenye nakshi, kotia la Wahindi lina mapambo yake. Waliteremsha tende, chumvi, samli, mazulia, mabirika ya shaba, na papa mkavu na ng'onda ambao harufu yake iliingia mpaka vyumbani, ukajua msimu umefika hata kama umelala na homa. Mabaharia walikaa miezi, wakitengeneza vyombo vyao, wakiuza, wakinunua, wakioa wengine, hata kusi ilipoanza, karibu na Aprili, wakapakia boriti za mikoko, karafuu na nazi, wakarudi kwao. Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, ambaye mwenyewe alikuwa baharia wa meli za matanga, alikuja na bumu la Wakuwaiti mwanzoni mwa 1939, wakakaa Unguja, kisha wakenda delta ya Rufiji kutafuta boriti. Aliandika kitabu na akapiga picha nyingi, na picha zile ni amana kubwa kwetu, kwa sababu zinaonesha kazi ile ikifanywa na watu waliozoea kuifanya, si maonesho.

Ni haki niseme pia kwamba akina mama hawakuupenda msimu. Walikuwa na sababu. Katika karne ya 19, kabla na hata baada ya mkataba wa 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, watoto waliibwa mitaani wakati vyombo vya kaskazi viko bandarini, wakapakiwa, na hawakuonekana tena. Khofu hiyo ilibaki majumbani muda mrefu baada ya hatari yenyewe kwisha. Jua likizama, mtoto ndani. Usile tende ya mtu usiyemjua. Usiingie ndani ya jahazi hata ukiitwa kwa jina lako. Walikatazwa, na bado walikwenda, na wengine wakapigwa, na kesho yake wakenda tena.

Maana kilichowavuta watoto hakikuwa maji peke yake. Alikuwa yule mtu anayerudi. Baharia aliyeondoka mtaani miaka miwili, siku moja anatokea mwisho wa kichochoro, na sanduku lake begani, na viatu vyake vinalia juu ya mawe. Jioni anakaa barazani. Wakubwa wanampisha nafasi. Anataja Bombay, anataja Aden, anataja Durban, na mji wa Cardiff ambako mabaharia wa pwani yetu walikaa mitaa ya bandarini pamoja na Wasomali na Wayemeni. Mwalimu wa jiografia aliitaja miji hiyohiyo asubuhi ile, na watoto walisinzia. Jioni hawasinzii. Huyu ameikanyaga. Ana jeraha mkononi la kamba ya chuma, ana saa, ana maneno mawili matatu ya Kihindi na matatu ya Kiingereza ambayo si ya skuli. Na ni mtoto wa fulani, wa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Kama yeye aliweza, kwa nini mimi nisiweze? Hesabu hiyo kila mtoto aliyekuwapo pale aliipiga.

Na ilikuwa hesabu ya kweli, kwani historia ya visiwa hivi imejaa watu waliotoka hapa wakafika mbali. Mwaka 1840 Sultani Seyyid Said alipeleka meli yake, Sultana, kutoka Unguja mpaka New York. Mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Na'aman. Walifika mwisho wa Aprili mwaka huo, wakiwa wamebeba pembe, karafuu, tende, ngozi na kahawa, na zawadi kwa Rais wa Marekani. Watu wa New York walimiminika gatini kuwatazama. Meli ilikuwa imechakaa kwa safari, na Wamarekani wakaitengeneza katika karakana ya jeshi lao la majini kabla haijarudi. Picha ya Ahmad bin Na'aman iliyochorwa huko, na kilemba chake, ipo mpaka leo. Mimi ningependa kila mtoto wa darasa la tano aioneshwe. Miaka mingi sana tumewafundisha watoto kwamba wageni walitujia kwa bahari. Hatukuwafundisha vya kutosha kwamba na sisi tuliwaendea.

Lakini nisiwapambie bandari kwa rangi moja. Kwa mtoto ilikuwa ndoto. Kwa mtu mzima ilikuwa pia mgongo unaouma. Makuli walibeba magunia kwa kichwa na bega kutwa nzima kwa ujira usiotosha posho. Mwaka 1948 waligoma, na mgomo ule ukatoka bandarini ukaingia mjini, ukatikisa serikali ya Mwingereza. Adam Shafi ndiye aliyetuandikia habari hiyo katika riwaya yake ya Kuli, iliyotoka 1979, na vizazi vya wanafunzi vimeisoma. Adam Shafi huyohuyo, katika Mbali na Nyumbani, akatuandikia safari ya ujana wake mwenyewe, kijana wa Unguja anayetoka kwao na kukamata njia bila ya kujua itamfikisha wapi. Na mwaka huohuo wa mgomo, 1948, alizaliwa Abdulrazak Gurnah, akakulia Malindi, hatua chache kutoka kwenye majahazi. Aliondoka ujanani akenda Uingereza, akawa mwandishi, na 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakuwa baharia. Lakini anayezisoma kazi zake anaiona bandari ya Malindi ndani yake, msimu unaingia na kutoka, wageni na bidhaa zao, watu wanaotazama upeo wa macho. Kwa hiyo ninaposema bandari ilikuwa ikiwatia watoto hamu, sisemi kwamba wote walikwenda kuvuta kamba. Ilimpa kila mmoja fikra kwamba dunia ni kubwa na inafikika.

Tuje kwenye siku zetu.

Nendeni Forodhani jioni, maji yamejaa. Watoto wa kiume bado wapo, pengine ni wajukuu wa walewale. Zamani walikuwa wakizamia sarafu walizotupiwa na abiria wa meli. Leo wanachupa kwa kushangiliwa. Mmoja anarudi nyuma mpaka karibu na bustani, anapepesa macho kuona nani anamtazama, anakimbia kwa miguu mitupu, mguu wa mwisho unakanyaga ukingo wa ukuta, anajikunja hewani, na kabla hujasema chochote ameshaingia kichwa mbele, na mwengine yuko njiani. Hawaogopi maji hata chembe. Wanajua wapi pana kina na wapi pana jiwe. Nikiwatazama huona kipaji ambacho nchi nyingi zingekilipia.

Lakini muulizeni mmoja wao akikua atafanya kazi gani. Atataja mpira. Atataja kuongoza watalii. Atataja kwenda nje. Ubaharia hautaji, au akiutaja neno limebadilika maana, kwa sababu mitaani siku hizi baharia ni kijana aliyezamia, aliyejificha ndani ya meli ya watu akaibuka Afrika Kusini au Ugiriki, au hakuibuka kabisa. Hili linaniumiza, na sitaki kulisema kwa upole. Babu yake alitaka kuikamata sukani. Yeye anaota kujificha nyuma ya makontena, bila ya maji ya kunywa, akiomba asionekane. Hamu ni ileile, bahari ni ileile. Kilichoondoka ni mlango wa halali.

Mlango huo uliondoka vipi? Kidogo kidogo. Majahazi ya msimu yalipungua mpaka yakaisha. Baada ya 1964 kusafiri kukawa kwa ruhusa, na wako walioondoka usiku kwa mashua, wakiiogopa nchi yao zaidi kuliko mawimbi. Makontena yalikuja, na bandari ya makontena lazima iwe na uzio, walinzi na mageti. Silaumu, winchi haimjui mtoto. Zikaja boti za kasi, na ni neema, nani asiyezishukuru? Lakini kijana anapanda Malindi, anakaa kwenye kiti mbele ya televisheni, na chini ya saa mbili yuko Dar es Salaam. Hakugusa kamba. Hakumwona nahodha. Amesafiri baharini na bahari hakuiona ila kwenye kioo.

Na kuna msiba. Hatuwezi kuzungumza habari za bahari Zanzibar tukaukwepa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, ikielekea Pemba, imejazwa watu kupita kiasi. Julai 18, 2012, MV Skagit ikazama ikitokea Dar es Salaam. Mamia ya watu. Hakuna mtaa usio na nyumba iliyofiwa. Baada ya hapo, mama gani angemwambia mwanawe nenda kasomee bahari? Mimi namuelewa. Lakini nasema hivi kwa heshima zote kwa waliofiwa: vyombo vile havikuzamishwa na bahari pekee. Pana watu waliohesabu abiria wakaacha kuhesabu. Pana watu waliotia saini. Dawa ya hilo ni kuwa na watu wengi zaidi wanaoijua bahari, waliosomea, wenye cheti na wenye ushujaa wa kusema chombo hiki hakitoki leo. Watu hao hatutawapata kwa kuwaweka watoto mbali na pwani.

Kila siku tunasikia habari za uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari. Tuna wizara yenye jina hilo. Serikali ina mpango wa bandari mpya Mangapwani. Mwaka 2015 tulipokea MV Mapinduzi II kutoka Korea Kusini, na kwa furaha watu walijaa bandarini kuipokea. Vizuri. Lakini sera hainitoshi mimi kama haina mtoto ndani yake. Nataka kujua: mtoto wa Kikwajuni, wa Jang'ombe, wa Mwera, ataanzia wapi?

Tuangalie jambo moja la kiufundi, kwa sababu ndipo ndoto za vijana wengi zinapokwama. Kijana anaweza kusoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam, akapasi darasani. Bado hajawa ofisa wa meli. Sheria za kimataifa za mafunzo ya mabaharia, zinazotokana na mkataba wa 1978, zinamtaka awe amefanya kazi melini, kwa mafunzo yanayosimamiwa na kuandikwa katika daftari maalumu, si chini ya miezi 12, kabla ya kukabidhiwa zamu ya kuongoza meli. Meli hiyo ataipata wapi? Hapo ndipo kijana anaporudi nyumbani na vyeti vyake kwenye bahasha, akasubiri, na mwisho akauza simu za mkononi Darajani. Wakati huohuo, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar inasajili meli za kimataifa, zinazokwenda duniani zikipeperusha bendera ya Tanzania na jina la Zanzibar limeandikwa nyuma. Basi ombi langu ni jepesi kulitamka: kila meli kubwa inayotaka jina letu, imchukue kijana wetu mmoja, kwa mkataba ulioandikwa, miezi 12, alale na ale melini, ajifunze, arudi na daftari lake limejaa. Haiwi zawadi hiyo. Anayekodi nyumba hulipa kodi.

Na niliposema kijana sikukusudia mvulana peke yake. Kwa karne nzima ndoto hii ilikuwa ya watoto wa kiume, na wasichana walibaki dirishani kuyatazama matanga. Walikuwa wakiona kilekile. Wanawake wa Paje na Bweleo wako majini kila siku, wanalima mwani, wanajua kupwa na kujaa kuliko watu wengi wenye suti wanaozungumza habari za bahari mikutanoni. Binti wa mkulima wa mwani akitaka kuwa nahodha au mhandisi wa meli, nisingependa asikie mtu mzima akimcheka.

Halafu Nungwi. Wako mafundi pale wanaounda majahazi ufukweni, bila ya mchoro wa karatasi. Wanalaza mkuku, wanasimamisha mataruma, na vipimo vyote vimo kichwani. Mkae naye mmoja anapokalafati. Anasokota pamba iliyotiwa mafuta mpaka iwe uzi mnene, anaiweka kwenye mwanya wa mbao mbili, anaipiga kwa patasi na nyundo, pigo dogo dogo, na sikio lake linasikiliza. Sauti ikiwa bado nyepesi, pamba haijakaa. Ikigeuka nzito, anasogea mbele. Ukimuuliza amejuaje, atakwambia sikiliza. Elimu hiyo inahitaji wanafunzi, na mwanafunzi anahitaji nauli na chakula cha mchana. Tunalipia mafunzo ya hoteli, na ni sawa tulipie. Tulipie na haya.

Kabla sijawaaga, nina maneno mawili. La kwanza ni kwa wakubwa wa Shirika la Bandari. Najua kazi yenu ni nzito na usalama si mchezo. Lakini Jumamosi moja katika mwezi, asubuhi, watoto 30 wa skuli moja, wamevaa kofia ngumu, pamoja na mwalimu wao na ofisa wenu mmoja mwenye subira, wanaweza kuingizwa gatini wakaoneshwa winchi inavyofanya kazi, wakapandishwa mpaka chumba cha kuongozea meli, wakasimama mbele ya sukani. Anzeni na skuli za Mwera.

La pili ni kwenu nyinyi mabaharia wastaafu mnaonisikiliza. Mko wengi, Malindi, Kikwajuni, Michenzani, Nungwi, Makunduchi, Mkoani na Wete. Wengine mmeweka vitabu vyenu vya ubaharia chini ya godoro, vina mihuri ya bandari ambazo baadhi yake hata majina yake yamebadilika. Vitoeni. Nendeni skuli iliyo karibu nanyi, muulizeni mwalimu mkuu kama atakupeni kipindi kimoja. Wapeni watoto kitabu wakishike mikononi, wakifungue wenyewe waione mihuri, waulize watakalo. Na watakapouliza kama mlikuwa mkiogopa, waambieni ukweli.